Kabla ya Kupiga Simu: Kuichunguza Intaneti ya Nyumbani Kipande kwa Kipande

Mabibi na mabwana, wazee wetu, vijana, hamjambo. Poleni na foleni ya Jinja Road, na asanteni kwa kuivumilia hadi hapa. Mada yetu haihitaji utangulizi mrefu: umelipia intaneti ya mwezi mzima, taa za ruta zinawaka, lakini kurasa hazifunguki, au zinafunguka kwa kusuasua, au simu ya video inaganda kila baada ya sentensi mbili.

Ukipiga simu huduma kwa wateja ukasema "mtandao unasumbua", utaambiwa uzime ruta, usubiri kidogo, uwashe. Msiwalaumu wale vijana. Maneno hayo hayawapi pa kuanzia. Mtandao ni njia ndefu yenye wenyewe wengi, na kazi yetu leo ni kuikata vipande, tupime kimoja baada ya kingine hadi tujue kipi kina ugonjwa. Mara nyingi ukishajua utakuta huna haja ya kumpigia mtu. Na ukipiga, utaongea na fundi badala ya kusomewa maswali ya karatasini.

Vipande ni vinne. Cha kwanza ni kutoka kwenye simu au laptopu yako hadi kwenye ruta, yaani ndani ya nyumba. Cha pili ni kutoka ruta hadi mitambo ya kampuni, iwe kwa faiba, kwa mnara wa simu au kwa antena ya juu ya paa. Cha tatu ni ndani ya mtandao wa kampuni yenyewe. Cha nne ni huko nje: ama data inabaki Kampala na kubadilishwa pale UIXP, kituo cha kubadilishana data kilichopo tangu 2001, ama inavuka mpaka. Uganda haina pwani, kwa hiyo data yetu inayokwenda Ulaya hupitia Kenya hadi Mombasa, au Tanzania hadi Dar es Salaam, ndipo iingie kwenye mikongo ya chini ya bahari. Shikeni vipande hivyo vinne, maana kila kipimo nitakachotaja kinajibu swali moja tu: ni kipande kipi?

Lakini kabla ya data kuna umeme. Ruta inayojizima na kujiwasha yenyewe mara tatu kwa siku, mara nyingi haina ubovu wowote. Adapta yake ndiyo imechoka. Adapta ya volti 12 iliyopigwa na umeme unaopanda na kushuka kwa miaka miwili huweza kusoma volti 12 ikiwa haina mzigo, kisha ikaporomoka pale ruta inapoanza kufanya kazi. Dalili yake ni kwamba ruta inazima watu wengi wanapoitumia, usiku hasa, na mwenye nyumba analaumu kampuni. Geuza adapta usome maandishi: kama ruta inataka 12V 2A, usiiwekee ya 12V 1A kwa sababu tu tundu limeingia. Ya ampea nyingi zaidi haina madhara. Ya ampea chache ndiyo shida. Volti lazima zilingane, na ncha ya kati iwe chanya au hasi kama mchoro wa nyuma ya ruta unavyoonyesha.

Wengi wamenunua zile UPS ndogo za ruta, na wanalalamika kwamba hazifikishi saa zilizoandikwa kwenye boksi. Fanyeni hesabu. UPS iliyoandikwa mAh 8,800 imehesabiwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani, si kwa volti 12 zinazotoka. Zidisha 8.8 kwa 3.7, unapata kama wati-saa 32 na nusu. Toa asilimia 15 inayopotea kwenye kupandisha volti, zinabaki karibu 28. Kisanduku cha faiba na ruta vikila wati 15 kwa pamoja, una muda usiofika saa mbili. Hiyo ikiwa betri ni mpya, na ikiwa namba ya kwenye boksi ni ya kweli, jambo ambalo kwa bidhaa za bei ya chini nisingeliapia.

Tuje kwenye faiba, maana ndiko wengi wa Ntinda, Naalya, Kira na Entebbe wanakohamia. Kisanduku cha faiba kina taa mbili za kutazama kwanza. Taa ya PON ikiwaka bila kupepesa, kisanduku kimeunganishwa na mtambo wa kampuni. Taa ya LOS ikipepesa nyekundu, mwanga haufiki kabisa, na hakuna mpangilio wowote wa ruta utakaouleta. Hapo kagua vitu viwili tu: je, kichwa cha waya kimechomekwa hadi kikalia mlio wa "tak", na je, waya umekunjwa mahali? Faiba ya kawaida haitaki kona kali kuliko duara lenye nusu kipenyo cha milimita 30. Zile mpya zinazotumika majumbani huvumilia milimita 10, nyingine 7.5, lakini kuzibana na mlango au kuzipiga msumari hakuvumiliki. Mwanga hutoroka kwenye kona. Huuoni ukitoroka, kwa sababu ni wa rangi ambayo jicho la mwanadamu haliioni, na ndiyo maana pia hatuchungulii ndani ya waya wa faiba hata siku moja.

Kile kichwa cha kijani kimekatwa kwa mshazari. Cha buluu kimenyooka. Ukichomeka cha kijani kwenye tundu la cha buluu vitaingia vizuri tu, lakini mwanga utapungua sana, na huduma itakuwa ya kukatikakatika bila sababu ya kueleweka. Usikipanguse kwa shati. Vumbi la kwenye pamba ni kubwa kuliko kiini cha faiba chenyewe, ambacho kina upana wa mikroni tisa hivi. Kama huna kisafishio chake, bora uache hadi fundi aje.

Ukiweza kuingia kwenye ukurasa wa kisanduku kupitia kivinjari, tafuta nguvu ya mwanga unaopokelewa, inayopimwa kwa dBm. Namba ni hasi. Kati ya -15 na -24 uko salama. Ukifika -27 umefika mwisho wa uwezo wa vifaa vingi vya aina hii: utakuwa unapata mtandao mchana na kuukosa usiku, au kinyume chake, na hakuna kitakachokuwa cha kueleweka. Kwa nini kuna tofauti kati ya nyumba na nyumba? Kwa sababu faiba moja inagawanywa kwa wateja wengi. Splita ya wateja 32 peke yake inakula kama dB 17, kisha kila kiungo na kila kichwa kinachukua chake. Iandike namba hiyo siku huduma ikiwa nzuri. Siku ikiharibika, ukimwambia fundi "ilikuwa -20, leo ni -26", umeshamaliza nusu ya kazi yake, maana anajua anatafuta waya uliokunjwa au kiungo kilichoingia maji, si mpangilio wa ruta.

Jambo jingine la kujua: mtambo wa kampuni unarekodi jinsi kisanduku chako kilivyozimika. Kikikosa umeme, hutuma ujumbe mfupi wa mwisho kabla ya kufa. Mwanga ukikatika, ujumbe huo haufiki. Kwa hiyo ukimwambia mhudumu kwamba umeshazima na kuwasha ilhali hujafanya, anaona. Na tafadhali, kile kishimo kidogo cha nyuma, cha kubonyezwa kwa pini, msikiguse. Hakiwashi upya, kinafuta kila kitu, pamoja na jina na nenosiri ambalo ruta hutumia kujitambulisha kwa kampuni. Utakuwa umegeuza tatizo la saa moja kuwa la siku tatu.

Wenye ruta za laini, za 4G na 5G, kwenu mwanga si hoja. Tazameni kwenye ukurasa wa ruta RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara, na SINR, yaani kiasi ambacho mawimbi yanaizidi kelele. RSRP ya -85 ni nzuri, -110 ni dhaifu. SINR ikiwa juu ya 13 mko vizuri, ikishuka chini ya sifuri kelele imezidi mawimbi. Hamisheni ruta dirishani upande wa mnara, mbali na mabati na wavu wa chuma wa dirisha, mpime tena. Ila kuna mtego hapa. RSRP ikiwa nzuri na kasi ikiwa mbaya, pimeni saa kumi na moja alfajiri, kisha saa tatu usiku. Alfajiri ukipata 40 Mbps na usiku 3, mnara umejaa watu, na hakuna dirisha litakalokusaidia. Kasi ikiwa ileile ndogo mchana kutwa na usiku kucha, imesimama kwenye 1 au 2 bila kutikisika, hilo si msongamano: umemaliza kiwango cha kifurushi na kampuni imekupunguzia. Msongamano hupanda na kushuka, kikomo hunyooka.

Sasa ndani ya nyumba. Kipimo kisichofanyika kwa waya kinapima wifi, hakipimi kampuni. Chukua waya wa mtandao, wa Cat5e au Cat6, unganisha laptopu na ruta moja kwa moja, zima wifi ya laptopu, zima VPN. Hili la VPN nalitilia mkazo kwa sababu tangu Facebook ilipofungwa nchini Januari 2021, watu wengi wameizoea VPN hadi wakasahau kwamba iko hewani. VPN yenye seva Uholanzi inachukua data yako ya kwenda Kampala Road, inaipeleka Amsterdam, inairudisha. Halafu unalalamika.

Kwa waya ukipata kasi uliyolipia, na kwa wifi huipati, kampuni haina kosa. Kwenye apatimenti zilizobanana, masafa ya 2.4 GHz yamejaa. Weka chaneli ya 1, 6 au 11, upana wa MHz 20, usichague ya kati kwa kudhani umekuwa mjanja, maana ukiwa kwenye 3 unagombana na wa 1 na wa 6 kwa pamoja. Masafa ya 5 GHz ni ya kasi lakini hayapendi ukuta wa tofali za kuchoma wala zege lenye nondo. Ruta iliyofichwa nyuma ya televisheni, ndani ya kabati, inafanya kazi kwa kabati.

Ukipima kwa waya ukaona kasi imegoma kwenye 94 Mbps ilhali umelipia 150, usihangaike na mtu. Waya wa mtandao una jozi nne. Jozi moja ikikatika au ikibanwa vibaya kwenye kichwa, vifaa vinakubaliana kutumia mbili tu, na kikomo cha mbili ni 100. Badilisha waya. Kama haibadiliki, tundu la ruta au la laptopu ndilo la 100. Na kwa wale wanaochanganya namba: 20 Mbps ni megabaiti mbili na nusu kwa sekunde, kwa hiyo faili la GB 1 litachukua karibu dakika saba. Hakuna aliyekuibia.

Tuingie kwenye kupima njia. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, kisha amri ya ping, inayotuma mafungu madogo ya data, yaani pakiti, na kupima muda wa kujibiwa:

ping -n 50 192.168.1.1

Hiyo ni anwani ya ruta nyingi. Yako ikiwa tofauti, andika ipconfig uitazame kwenye mstari wa Default Gateway. Kwa waya majibu yawe milisekunde 1 au chini. Kwa wifi, 2 hadi 5, na ikiruka kidogo si neno. Ikiruka hadi 80, hadi 200, au pakiti zikipotea, kipande cha kwanza kina ugonjwa, na kupima mbele ni kupoteza muda. Ikiwa sawa, fanya hivyo kwa 8.8.8.8, anwani ya Google iliyo huko nje. Kisha kwa jina la tovuti yoyote. Namba ikijibu na jina lisijibu, mtandao uko hai ila DNS, yaani kile kinachogeuza majina kuwa namba, imelala. Ingia kwenye ruta uweke DNS za umma, 1.1.1.1 na 9.9.9.9, badala ya ile ya kampuni. Lakini ukishamaliza kupima, fikiria kuirudisha: baadhi ya huduma za video huchagua seva ya kukuhudumia kwa kutazama DNS uliyotumia, na ukitumia ya mbali unaweza kupelekwa seva ya mbali wakati ndani ya kampuni yako ipo ya karibu.

Hilo linanileta kwenye lawama ninayoipenda kuliko zote: "YouTube inacheza vizuri, kwa hiyo mtandao ni mzima, mbona Zoom inakwama?" YouTube na huduma nyingine kubwa huweka nakala za video ndani ya mitandao ya kampuni za intaneti. Video unayoitazama inaweza kuwa haijatoka nje ya Kampala usiku huo. Zoom lazima isafiri. Kwa hiyo YouTube nzima na Zoom mgonjwa si kitendawili. Ni kipimo tayari. Yaelekea kipande cha kwanza, cha pili, na sehemu ya cha tatu ni vizima. Ugonjwa huenda uko mbele. Vivyo hivyo programu za kupima kasi: zenyewe huchagua seva ya karibu, Kampala hapahapa, na kukupa namba ya kufurahisha. Badilisha seva kwa mkono. Pima Kampala, kisha Nairobi, kisha London au Marseille. Kama Kampala ni 30, Nairobi 28 na London 4, umepata mahali.

Kabla hatujavuka mpaka, niseme neno juu ya foleni. Kuna nyumba ambayo kila kipimo ni kizuri, ila mtoto akianza kupakia video, simu ya baba inaganda. Piga ping ya 8.8.8.8 huku upakiaji unaendelea. Ikipanda kutoka 15 hadi 600, ruta yako inalimbikiza pakiti kwenye foleni moja ndefu, na pakiti ndogo ya sauti imekwama kama boda nyuma ya lori la mchanga mahali pasipo na nafasi ya kulipita. Ruta zenye kipengele cha kusimamia foleni, mara nyingi kimeandikwa SQM au QoS, huponya jambo hili: weka kikomo kwenye asilimia 85 hadi 90 ya kasi halisi ya kupakia na ya kupakua, ili foleni ikae kwako unakoweza kuipanga, isikae kwa kampuni. Utapoteza kasi kidogo. Mimi naona ni bei nafuu.

Sasa njia yenyewe. Andika tracert ikifuatiwa na anwani. Kwenye Linux na Mac ni traceroute. Utapata mistari, kila mmoja ni ruta moja iliyopitiwa, na nyakati tatu. Tuchukue mfano huu niliouandaa ubaoni. Mstari wa 1, 192.168.1.1, milisekunde 1: nyumbani. Mstari wa 2, anwani inayoanza na 100.72, milisekunde 5: mtambo wa kampuni. Wa 3 na wa 4, milisekunde 6 na 7: bado Kampala. Wa 5, nyota tatu. Wa 6, milisekunde 18, jina lake lina herufi nbo. Wa 7, milisekunde 139, jina lina mrs. Wa 8, 152, lhr. Wa 9, umefika.

Herufi zile ni ufunguo. Wahandisi wengi hupa ruta zao majina ya viwanja vya ndege: ebb ni Entebbe, nbo Nairobi, mba Mombasa, dar Dar es Salaam, mrs Marseille, lhr London, jnb Johannesburg. Mruko kutoka 18 hadi 139 unatisha, lakini si ubovu. Ni bahari. Mwanga ndani ya faiba huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 za waya zinagharimu milisekunde 10 kwenda na kurudi. Hakuna kampuni itakayokupa London kwa milisekunde 40 kutoka hapa, hata ukilipa mara kumi.

Nyota za mstari wa 5 nazo si ubovu. Ruta ile imekataa kujibu, basi. Ingekuwa imekufa, mstari wa 6 usingefika. Hapa ndipo watu wengi hujiaibisha mbele ya wahandisi: wanatuma picha yenye mduara mwekundu kwenye ruta ya kati inayopoteza asilimia 60, ilhali mistari yote baada yake inapoteza sifuri. Ruta kubwa hupewa amri ya kujibu ping zikipata nafasi. Kazi yake ni kupitisha, si kujibu. Kanuni ni moja: upotevu ulioanza mstari fulani na kuendelea hadi mstari wa mwisho ni wa kweli, ulioonekana mstari mmoja na kutoweka si kitu.

Vipi njia mbaya inavyoonekana? Iko ya aina tatu. Ya kwanza, unapima seva iliyo Kampala kwenye kampuni nyingine, na katikati ya mistari inatokea lhr. Data imetoka Kampala, imekwenda London, imerudi Kampala, milisekunde 300, kwa sababu kampuni hizo mbili hazijabadilishana njia hapa nyumbani, au zilikuwa zinabadilishana na kiungo kimeanguka. Ya pili, anwani mbili zinapokezana: A, B, A, B, hadi mstari wa 30. Huo ni mzunguko. Kila ruta inadhani mwenzake ndiye anayejua njia. Hilo halihitaji ubishi, tuma tu. Ya tatu ni ngumu kidogo: Nairobi ilikuwa milisekunde 15, leo ni 170, na kila kitu nje kimepanda kwa kiasi hichohicho. Njia ya kawaida imekatika na data imepewa njia ya kuzunguka. Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika kwenye pwani ya kusini mwa Afrika, Uganda, Kenya na Tanzania ziliguswa kwa pamoja. Siku kama hiyo kuzima ruta ni mazoezi ya mkono tu.

Ila njia uliyoiona ni ya kwenda. Ya kurudi inaweza kuwa nyingine kabisa, na tracert haionyeshi. Ndiyo maana katika malalamiko ya njia tunaomba kampuni ipime kutoka upande wao, au kutoka kwa yule wa mbali, kuelekea anwani yako. Na kwa ushahidi wa muda, programu iitwayo mtr ni bora kuliko tracert: mtr -rwc 100 ikifuatiwa na anwani hupima mara mia na kutoa jedwali. Kwenye Windows ipo WinMTR.

Ugonjwa mmoja haumo katika vyote hivyo na unawasumbua watu hadi wanabadilisha kampuni: tovuti baadhi zinafunguka, nyingine zinaanza kisha zinaganda, ping zote nzuri. Hapo shuku ukubwa wa pakiti. Kawaida ni baiti 1,500, lakini kampuni zinazotumia PPPoE, njia ya ruta kujitambulisha kwa jina na nenosiri, hubakiwa na 1,492, na mtu katikati akizuia ujumbe wa kukuonya, pakiti kubwa hupotea kimya kimya. Andika ping -f -l 1472 8.8.8.8. Ikikataliwa shuka hadi 1464, kisha endelea kushuka hadi ipite. Jumlisha 28, ukipata 1,492 au 1,440 au namba yoyote, iweke kama MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, kwenye ruta upande wa intaneti.

Sasa ndipo unapiga simu, au bora, unaandika. Weka namba ya akaunti, namba ya kisanduku, hali ya taa, dBm ya leo na ya zamani, mtr mbili za anwani ileile, moja wakati wa ubovu na moja wakati wa uzima, na useme ulipima kwa waya. Saa andika kwa mtindo wa 20:14. Ukiandika "saa mbili usiku", kuna atakayeiingiza kama saa mbili za saa ya ukutani, na kumbukumbu za mitambo watakazotazama zitakuwa za usiku wa manane ulipokuwa umelala. Dai namba ya tiketi. Kila unaporudi, rudi na namba ileile. Ukifungua mpya unaanza foleni upya. Kampuni ikikaa kimya, Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, hupokea malalamiko ya wateja, lakini kwanza uwe umelalamika kwa kampuni, na namba ya tiketi ndiyo ushahidi wake.

Kuna swali kutoka nyuma. Asante nnyabo. Anasema ana kamera dukani, ruta ameipanga inavyotakiwa, na akiwa nje hawezi kuiona, ingawa intaneti ni nzuri. Tazama kwenye ruta anwani ya upande wa intaneti, kisha ulinganishe na ile ambayo tovuti za kuonyesha anwani zinakuambia. Kama ya ruta ni kati ya 100.64 na 100.127, au inaanza na 10, uko nyuma ya anwani moja mnayogawana na wateja wengine wengi, kwa kuwa anwani za zamani za IPv4 zimeadimika. Mlango uliofungua kwenye ruta yako hauonekani nje. Uliza kampuni bei ya anwani ya umma isiyobadilika. Nyingi huiuza kwa ada ya kila mwezi. Kama bei haikupendezi, tumia kamera inayojiunganisha yenyewe na seva ya mtengenezaji, maana kutoka ndani kwenda nje hakuna kizuizi. Na kama una ruta mbili, ya kampuni na yako mwenyewe nyuma yake, iombe kampuni iweke yao kwenye modi ya daraja (bridge), yaani ipitishe data tu na kuiachia yako kazi ya ruta, kabla hujalipa chochote, kwa sababu huenda shida ni hiyo tu.